Nchi Yapimwa Kutoka Juu: Jinsi Picha za Setilaiti Zinavyogeuzwa Kuwa Ramani

Mtu asimamaye bondeni haoni ila mti ulio mbele yake na ua wa jirani yake. Akipanda kilimani huona mto unakopita, msitu unapokoma, na njia zote ziendako. Kwa sababu hiyo wapimaji wa nchi wamependa kupanda juu tangu zamani: kwanza vileleni, kisha ndani ya ndege, na mwishowe mpaka mahali ambapo hata hewa ya kuvuta haipo. Yafaa mkulima, mfugaji na karani wajue kazi hiyo ya mwisho ilianzaje, hufanywa kwa njia gani, na yaweza kuaminiwa kadiri gani. Maana siku hizi picha zilizopigwa kutoka anga za juu hutumiwa kuamua mambo yamhusuyo kila mwenye shamba au mifugo.

KUPIMA KWA MIGUU NA KWA NDEGE

Hapo kale ramani ilifanywa kwa miguu. Wapimaji walijenga nguzo juu ya vilele, wakapima pembe baina ya nguzo moja na nyingine kwa darubini, kisha wakashuka kupima mabonde kwa minyororo. Kazi ya wilaya moja iliweza kumaliza miaka kadhaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka wa 1946 idara ya kupima makoloni, chini ya Martin Hotine, ili ramani zichorwe kwa msaada wa picha za ndege. Baina ya mwaka wa 1946 na 1952 ndege za Lancaster za kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza zilisafiri huku na huku juu ya Afrika zikipiga picha. Ndege hizo zilitengenezwa hapo kwanza kwa ajili ya kutupa mabomu. Sasa zilibeba kamera. Kila picha ilipandana na iliyoifuata kwa zaidi ya nusu. Sababu yake ni hii: mahali pamoja pakipigwa picha mbili kutoka sehemu mbili, na picha hizo zikatazamwa pamoja kwa chombo chenye lenzi mbili, kilima huonekana kimeinuka na bonde limezama, kama vile mtu atazamavyo kwa macho yake mawili. Ndivyo vilima vilivyopimwa urefu wake pasipo kupandwa.

Katika Kenya picha za ndege zilitumika pia katika jambo lililogusa watu zaidi kuliko vilima. Katika miaka ya 1950, vipande vya ardhi vilivyotawanyika katika Mkoa wa Kati vilikusanywa pamoja, na kila mwenye haki akapewa shamba moja. Wenye mashamba waliagizwa wapande ua mpakani, ili ua ukikua uonekane katika picha na mpaka uchorwe ramanini. Agizo lilikuwa jepesi kulisema, lakini mahali pengine ua haukupandwa, pengine ulikauka, na pengine ulipandwa kando ya mpaka wenyewe. Tena kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliokuwa kizuizini hawakuwapo mipaka ilipokatwa. Manung'uniko ya baadhi yao yalidumu miaka mingi. Hapo ndipo palipopatikana fundisho la kwanza la ramani za picha: picha huonyesha kilichopo juu ya ardhi, haionyeshi kilichokubaliwa na watu.

FILAMU ILIYODAKWA HEWANI

Mwaka ule ule wa 1946, tarehe 24 Oktoba, watu wa Marekani walirusha roketi ya V-2, iliyobuniwa na Wajerumani wakati wa vita, kutoka jangwa la New Mexico. Ndani yake waliweka kamera ndogo ya filamu. Roketi ilipanda kiasi cha kilomita 105, ikageuka, ikaanguka chini kwa kishindo. Kamera ilivunjika vipande vipande, lakini filamu ilikuwa imefungwa ndani ya kikopo cha chuma, ikapona. Ilipooshwa, watu waliona kwa mara ya kwanza picha ya dunia iliyopigwa kutoka nje ya hewa yake: mawingu, na nyuma yake giza tupu.

Hatua iliyofuata ilifanywa kwa siri. Marekani ilitaka kujua silaha za Urusi, ikatengeneza setilaiti za Corona. Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia kama mwezi, pasipo kuanguka, kwa sababu ya mwendo wake mkubwa. Zile za Corona zilibeba filamu, na filamu ilipokwisha kupigwa ilitiwa ndani ya kifuko na kuachwa ishuke kwa mwavuli. Mwezi wa Agosti 1960, ndege moja ilikidaka kifuko cha namna hiyo kingali hewani juu ya Bahari ya Pasifiki. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka wa 1972, na siri yake ikafunguliwa mwaka wa 1995, picha zaidi ya 800,000 zilipotolewa hadharani. Picha zilizokusudiwa kutafuta makombora zimekuwa msaada kwa wale watakao kujua misitu na mito ilikuwaje katika miaka ya 1960.

MWANAMKE ALIYETENGENEZA JICHO

Wakati huo huo wako watu waliouliza swali jingine: ikiwa jicho la juu laweza kutazama silaha, mbona lisitazame mashamba na maji? Mwaka wa 1966 Stewart Udall, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, alitangaza kwamba itarushwa setilaiti ya kuchunguza mali ya asili ya dunia. Ilichukua miaka 6. Tarehe 23 Julai 1972 setilaiti hiyo, ambayo baadaye iliitwa Landsat 1, ilirushwa kutoka Vandenberg katika California.

Ilibeba vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kamera tatu za namna ya televisheni, na hizo ndizo zilizotegemewa. Cha pili kilibuniwa na Virginia Norwood, mhandisi wa kampuni ya Hughes na mmoja wa wanawake wachache waliofanya kazi hiyo wakati ule. Chombo chake hakikuwa kamera ya kawaida. Kilikuwa na kioo kilichocheza upesi, mara 13 hivi kwa kila sekunde, kikifagia nchi mstari kwa mstari kama mtu afagiavyo uwanja, na mwanga wa kila mahali ukageuzwa kuwa tarakimu na kutumwa duniani kwa redio. Wachoraji wa ramani walikitilia mashaka. Walisema, kioo kinachopepesuka kitatoaje ramani iliyonyooka?

Jibu lilipatikana upesi. Majuma machache baada ya setilaiti kurushwa, hitilafu ya umeme ilizuka na zile kamera tatu zikazimwa. Chombo cha Norwood kiliendelea, na picha zake zikawa safi hata kuwashangaza waliokuwa wamemcheka. Setilaiti iliyokusudiwa kufanya kazi mwaka mmoja ilifanya kazi mpaka Januari 1978. Bibi Norwood alifariki mwaka wa 2023, akiwa na umri wa miaka 96, nao wenzake walikuwa wamezoea kumwita mama wa Landsat.

NAMNA KAZI INAVYOFANYWA

Setilaiti za namna hii hupita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini, huku dunia ikigeuka chini yake kutoka magharibi kwenda mashariki. Hivyo kila mzunguko huangukia ukanda mpya wa nchi. Landsat 1 ilizunguka kiasi cha kilomita 900 juu, na ilirudi mahali pale pale kila baada ya siku 18. Zilizofuata tangu mwaka wa 1982 zilishushwa mpaka kilomita 705, nazo hurudi kila baada ya siku 16. Wakati wa kupita umepangwa uwe asubuhi, yapata saa nne, ili vivuli vilingane na picha ya mwaka huu iweze kulinganishwa na ya mwaka uliopita.

Picha moja hufunika mraba wenye kilomita 185 kila upande, yaani zaidi ya kilomita za mraba 34,000. Ulinganishe na picha ya ndege iliyopigwa kwa kipimo cha 1 kwa 50,000: hiyo hupata kilomita 11 na nusu tu kila upande. Picha moja ya setilaiti basi hufunika nchi ambayo ingehitaji mamia ya picha za ndege.

Lakini kila faida ina gharama yake. Picha ya setilaiti imeundwa kwa viraka vidogo vya mraba, na kilichomo ndani ya kiraka kimoja huchanganywa kuwa rangi moja. Kiraka cha Landsat 1 kilikuwa na mita 80 hivi kila upande, ambazo ni zaidi ya ekari moja na nusu. Mtu mwenye ekari moja hakuweza kabisa kuliona shamba lake. Tangu mwaka wa 1982 kiraka kilipungua mpaka mita 30, kiasi cha robo ekari kasoro kidogo. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 2015, zina viraka vya mita 10, na viraka 40 hivi hukaa ndani ya ekari moja.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba vyombo hivi huona mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni. Jani bichi lenye afya hula mwanga mwekundu kwa ajili ya chakula chake, lakini hurudisha kwa wingi mwanga mwingine, uliopo kando ya mwekundu, usioonekana kwa macho. Jani linaponyauka, hurudisha kidogo. Maji nayo huumeza mwanga huo karibu wote, hata ziwa huonekana jeusi kama wino. Hivyo mtaalamu akilinganisha mianga hiyo miwili aweza kutambua msitu, majani makavu, udongo mtupu na maji, na hata kujua kwamba mimea imeanza kudhoofika.

Walakini picha peke yake si ramani. Hapana budi ifungwe na mahali pajulikanapo duniani: njia panda, daraja, au nguzo ya mpimaji ambayo mahali pake pamepimwa kwa hakika. Kisha watu huenda kwa miguu mahali mbalimbali kuhakikisha kwamba kile kilichoandikwa msitu ni msitu kweli, wala si shamba la majani chai.

KISIWA KISICHOKUWAMO RAMANINI

Kisa kimoja cha Kanada chaonyesha nguvu ya jicho hili. Mwaka wa 1973 picha za Landsat zilitumiwa kukagua ramani za pwani ya Labrador. Katika bahari, kilomita 20 hivi kutoka pwani, paliwekwa alama mahali ambapo ramani haikuonyesha kitu chochote. Ilidhaniwa kuwa ni mwamba. Mwaka wa 1976 mpimaji aitwaye Frank Hall alitumwa kwa helikopta kwenda kuhakikisha. Barafu ilikuwa imefunika mwamba, naye akateremshwa kwa kamba. Kumbe dubu mweupe alikuwa amelala pale juu, na rangi yake hata ikafanana na barafu. Alimtupia Bwana Hall kofi, na bwana yule alivutwa juu haraka. Lakini kisiwa kilikuwapo, nacho kiliitwa Kisiwa cha Landsat.

Ukubwa wake ni mita 25 kwa 45 tu, yaani ni kidogo kuliko hata kiraka kimoja cha picha iliyokigundua. Kilionekana kwa sababu bahari ni nyeusi katika ule mwanga usioonekana, na jiwe kidogo tu katikati ya weusi hutosha kukipa kiraka kizima rangi tofauti. Yafaa kukumbuka pia kwamba picha ilisema "pana kitu hapa," lakini ilimbidi mtu aende mwenyewe ndipo ikajulikana ni kitu gani.

PICHA ZA KUUZA NA PICHA ZA BURE

Mwaka wa 1984 Marekani ilipitisha sheria ya kuweka picha za Landsat mikononi mwa wafanya biashara. Bei ya picha moja ilipanda hata kupita dola 4,000. Nchi tajiri na makampuni ya mafuta waliweza kununua. Chuo au idara ya serikali katika nchi maskini haikuweza kununua zaidi ya chache. Basi ikawa nchi yaweza kupigwa picha kila siku 16 na wenyewe wasiione. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1992, na bei ikashuka, lakini picha moja ya Landsat 7, iliyorushwa mwaka wa 1999, ilikuwa bado yauzwa dola 600.

Mwaka wa 2008 Marekani iliamua kufungua ghala lote: picha zote tangu mwaka wa 1972 zitolewe bure kwa mtu yeyote ulimwenguni. Zamani zilichukuliwa makumi tu kwa siku. Baada ya hapo zilichukuliwa maelfu kwa maelfu. Kwa Afrika hilo lilikuwa badiliko kubwa. Nairobi palikuwa na kituo tangu mwaka wa 1975, kilichoanzishwa chini ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika, ambacho sasa chaitwa RCMRD, na kazi yake ni kuwafundisha wapimaji wa nchi za eneo hili kuzisoma picha za namna hii. Elimu ilikuwako kabla ya picha kupatikana kwa urahisi. Zilipofunguliwa, wako watu waliokuwa tayari kuzitumia.

BIMA YA MIFUGO HUKO MARSABIT

Faida moja imeonekana kaskazini mwa Kenya. Mfugaji ana ng'ombe, ngamia na mbuzi, lakini hana akiba nyingine, na ukame ukija huweza kupotewa na mali ya maisha yote katika miezi michache. Makampuni ya bima yalikuwa yakiogopa kuwahudumia wafugaji, kwa maana ni nani awezaye kwenda kuhesabu mizoga katika nchi pana namna ile, na kujua ni upi uliokufa kwa njaa?

Mwezi wa Januari 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo iitwayo ILRI, pamoja na washirika wake, ilianzisha Marsabit bima ya namna mpya. Mizoga haihesabiwi kabisa. Setilaiti hupima ubichi wa malisho ya eneo zima, na kipimo hicho hulinganishwa na cha miaka iliyopita. Ubichi ukishuka chini ya kiasi kilichokubaliwa katika mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa. Ukame mkali ulikuja, na mwezi wa Oktoba 2011 malipo ya kwanza yalitolewa. Baadaye mkataba ulibadilishwa ili fedha zije mapema, wakati mnyama angali hai, mfugaji aweze kununua majani na maji badala ya kungoja kununua mnyama mwingine. Mwaka wa 2015 Serikali ya Kenya nayo ilianza mpango wake wa bima kwa njia hiyo hiyo, kwanza Turkana na Wajir.

Lakini hapa tena pana shida ambayo mfugaji ameijua kabla ya mtaalamu. Jicho la juu huona ubichi. Halijui ubichi huo ni wa nini. Kichaka kisicholiwa na ng'ombe chaweza kusitawi huku majani yamekwisha, nayo picha ikasema nchi ni njema. Tena mvua yaweza kunyesha upande mmoja wa eneo na kuacha upande wa pili mkavu, na mtu wa upande mkavu akakosa malipo huku ng'ombe wake wanakufa. Kwa hiyo wataalamu wamelazimika kuketi na wafugaji na kuwauliza malisho yao yako wapi, na huhama lini, ili maeneo yakatwe kwa kufuata maisha ya watu.

MIPAKA YA PICHA

Yako mambo mengine ambayo picha haiwezi. Mawingu huficha nchi, na katika sehemu za milima yenye mvua nyingi picha nyingi hazifai. Njia ya kusaidia ni kupita mara nyingi: tangu mwaka wa 2021 Landsat 8 na Landsat 9 hupita kwa zamu, hata kila mahali hutazamwa kila baada ya siku 8. Kenya nayo ilipata setilaiti yake ya kupiga picha nchi, iitwayo Taifa-1, iliyotengenezwa na wahandisi wa Kenya pamoja na kampuni ya Bulgaria. Ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, mahali pale pale ilipotokea Landsat 1 zaidi ya miaka 50 kabla yake.

Kubwa kuliko mawingu ni suala la mwenyewe. Hakuna setilaiti iwezayo kuona kwamba kipande hiki ni cha mjane, au kwamba ndugu wawili wamekubaliana kutumia kisima kimoja, au kwamba njia ya ng'ombe imepita hapa tangu zama za mababu. Ua ukionekana katika picha, haionekani ni nani aliyeupanda wala kama alikuwa na haki. Watu wakiulizwa kwanza, mbele ya wazee na majirani, na wanawake wakiwamo, picha huwa shahidi mzuri wa kuandika waliyokubaliana. Wasipoulizwa, picha yaweza kulipa dhuluma sura ya kitu kilichopimwa kitaalamu, nayo dhuluma iliyochorwa ramanini ni ngumu kuifuta kuliko iliyosemwa kwa mdomo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ni mali, na ramani ni daftari lake. Kwa hiyo mwenye shamba akiitwa kutazama ramani ya kijiji chake iliyofanywa kwa picha za setilaiti, asione haya kuinama juu yake na kuuliza: picha hii ilipigwa mwaka gani? Kiraka chake kimoja ni mita ngapi? Ni nani aliyetembea mpakani kuhakikisha, na majirani walikuwapo? Mtumishi aliyefanya kazi yake vizuri atayajibu maswali hayo mara moja. Naye akishindwa kuyajibu, basi saini ingoje mpaka mpaka utembelewe.